Sura ya Sita: Zawadi ya Mshumaa

Bi Muriel Wenlock alikuwa amekaa tena pale mapokezi ya kituo, koti la mvua limefungwa vifungo vyote, mkoba magotini. Inspekta Hilda Treadgold alipomwona alitamani kugeuka akapitie mlango wa nyuma, lakini alikwisha kuonekana.

"Mwanangu si mwongo," mama alisema, hata salamu hakuna.

"Habari za asubuhi, Bi Wenlock."

"Kasema taa zilizimika. Basi zilizimika. Nimemzaa mimi, nimemlea mimi. Mji mzima unasema alizima taa makusudi, eti anacheza na gari lake jipya. Nyie nanyi mnaandika hivyo hivyo!"

"Hatujaandika, mama. Tunapeleleza."

"Mnapeleleza nini, na gari mmelifungia ndani tangu siku ile?"

Treadgold akampa pole na kupita. Mama yule alikuwa amesema kweli. Jioni ya mvua ya Novemba, Clement Oakey, mtu wa posta, alikuwa anarudi nyumbani kwa baiskeli kutoka kwenye bustani yake ya mboga, kabichi ndani ya kikapu. Kwenye kona ya Mteremko wa Cradle, gari la michezo aina ya Ledwick, jipya kabisa, likatokea gizani bila taa hata moja na kumuua. Dereva, Toby Wenlock, alisema taa zilikufa zenyewe. Polisi wakalivuta gari gereji, wakawasha taa, zikawaka. Mkubwa wa Treadgold alitaka faili liende kwa waendesha mashtaka Jumatatu, kijana akashitakiwe, mambo yaishe.

Huko gereji Sajenti Barnaby Sproat, mkaguzi wa magari, alikuwa anakunywa chai juu ya boneti ya gari la ajali nyingine.

"Nimeziwasha asubuhi," alisema, "nimeziwasha mchana, nimeziwasha mke wangu ananisubiri mezani. Zinawaka, afande. Zinawaka kama nyota ya mamajusi."

"Uliwasha na injini?"

"Injini ya nini? Betri inatosha."

"Na kukavu."

"Humu ndani hamnyeshi, afande, ingawa paa letu lina nia hiyo."

"Bwana Sproat, yule kijana hakumgonga Oakey akiwa ameegesha gari ndani ya gereji anakunywa chai. Weka kikombe chini. Washa injini, iache ipate moto mpaka feni ya rejeta iwake yenyewe. Washa taa kubwa, taa ya ukungu, waipa, feni ya joto, kila kilicho na swichi. Halafu niletee mpira wa maji."

Sproat alinung'unika kwamba yeye hakuajiriwa kuosha magari, lakini akafanya. Treadgold akakaa kwenye kiti cha dereva. Gari lilikuwa zuri, hilo halikuwa na ubishi. Lilinukia ngozi mpya, na dashibodi yake ilikuwa ya mbao iliyopigwa msasa kwa mkono na mtu mwenye mapenzi. Injini ikaunguruma, maji yakapiga boneti, feni ikaanza kuvuma. Taa zilizokuwa zinapiga ukuta wa mbele zikageuka rangi, kutoka nyeupe zikawa manjano ya kuchakaa.

"Unaona hiyo?" aliuliza.

"Zimepungua kidogo. Ni kawaida."

Treadgold akakanyaga breki.

Ukuta ukawa mweusi. Waipa zikasimama katikati ya kioo, mishale ya dashibodi ikaanguka yote kwa pamoja, na nyuma hata taa za breki zenyewe hazikuwaka. Sproat akatamka neno ambalo sajenti hatakiwi kulitamka mbele ya inspekta. Treadgold akainua mguu, taa zikarudi polepole. Akakanyaga tena, zikafa tena.

"Kwenye kona," alisema, na sauti yake haikuwa nzuri. "Mtu anakaribia kona, mvua, giza, anakanyaga breki. Hapo ndipo gari hili linapomfumba macho."

Walifungua boneti. Sproat akaingiza mkono na tochi, akautoa haraka huku akipuliza kidole.

"Mungu wangu, inaunguza! Njoo uone upuuzi huu. Waya wa hasi, ule wa kurudisha umeme kwenye betri, kila kifaa kina wake. Wa taa, wa waipa, wa feni, wa breki. Yote wameifunga kwenye bolti moja. Moja tu! Na bolti yenyewe wameikaza kwenye chuma cha fremu, juu ya rangi. Hawakukwangua hata kidogo. Umeme unapita kwa kubahatisha kwenye meno ya bolti. Kimoja kimoja vinafanya kazi. Ukiviwasha vyote pamoja, kunapata moto, njia inaziba."

"Na ikipoa inazibuka, wewe unakuja na kikombe chako unaona nyota ya mamajusi."

Sproat aliinama zaidi. "Afande, hapa kuna kingine. Waya mfupi mwekundu, umefungwa kwa utepe wa gundi. Huu si wa kiwandani, wao wanatumia mweusi mtupu. Mtu alijaribu kutengeneza njia ya pili ya umeme, ila ncha hii imechomoka, inaning'inia."

"Gari limekuwa kwetu, limefungiwa."

"Basi uliwekwa kabla ya ajali."

Treadgold alisimama akiutazama ule waya. Kijana hakudanganya, hilo limekwisha. Lakini waya ule ulikuwa unasema jambo lingine: kabla Clement Oakey hajafa, kuna mtu aliyejua taa zinazimika. Mtu huyo akiwa wa kiwandani, kiwanda ndicho kitakachosimama mahakamani, na Bi Wenlock atarudi nyumbani na mwanawe. Treadgold alitaka iwe hivyo. Alitaka sana, na hakuwa na haya kulitaka.

*

Kiwanda cha Ledwick kilikuwa mabanda ya matofali chini ya kilima, na mwenye mali, Bwana Piers Ledwick, mjukuu wa mwanzilishi, alimpokea na mbwa wawili na sahani ya biskuti.

"Sisi si kiwanda, Inspekta, sisi ni familia," alisema. "Kila gari letu linapita kwenye mikono ya watu, si ya mashine."

"Mikono hiyo hiyo iliyofunga nyaya zote kwenye bolti moja juu ya rangi?"

Tabasamu la Bwana Ledwick likakaa pale pale, halina pa kwenda. "Bolti ya hasi? Hiyo ndiyo desturi yetu. Babu aliiweka pale pale, bolti moja. Magari yake yanatembea mpaka leo."

"Gari la babu bodi lake lilikuwa la nini?"

"Bati. Bati safi la... "

"Na haya mapya?"

"Fibaglasi."

"Bati linapitisha umeme, Bwana Ledwick. Gari la babu lote zima lilikuwa waya wa hasi, ile bolti ilikuwa pambo tu. Nyie mmebadilisha bodi mkaweka kitu kisichopitisha umeme hata chembe, halafu mkaiacha bolti kwa heshima ya marehemu."

Bwana Ledwick aliketi. Mbwa mmoja akaja kuweka kichwa pajani kwake, na yeye akakipapasa bila kukitazama.

"Hakuna aliyetuambia," alisema.

"Ebo! Mnauza magari yanayozimika taa, na hakuna mnunuzi hata mmoja aliyelalamika?"

"Hata mmoja. Naapa. Muulize katibu wangu, muulize yeyote. Wanatuletea kadi za Krismasi. Wanatuletea picha za magari yakiwa Uskoti na watoto wao. Angalau mmoja angesema, Inspekta, angalau mmoja! Tungekwangua ile rangi kwa siku moja. Kazi ya msasa tu."

"Huu waya mwekundu ni wenu?" Akamwonyesha picha.

Aliitazama kwa chuki ya fundi. "Huo utepe? Kijana wangu yeyote akifunga hivyo namfukuza kazi. Huo ni wa mwenye gari, au rafiki zake. Nenda klabu ya wenye magari yetu. Wanakutana baa ya Plough, Jumapili ya kwanza ya mwezi. Wale ndio wanaojua magari yangu kuliko mimi."

Treadgold alikuwa amepeleleza waongo kwa miaka mingi, na huyu hakuwa mmojawao. Hilo lilimuudhi kuliko uongo.

*

Jumapili ile uwanja wa baa ya Plough ulijaa magari ya Ledwick, mekundu, ya kijani, ya samawati, boneti zote zimefunguliwa na wenyewe wameinama. Ndani kulikuwa na nyama ya kuoka, viazi na bia ya vuguvugu. Treadgold alikwenda na nguo za kiraia, akasema jina lake na kazi yake mlangoni, wala hakuna aliyeshtuka. Watu wa kabila hili la magari humpokea yeyote atakayekubali kusikiliza habari za magari. Daktari Crispin Hartnoll, mng'oa meno mstaafu na mwenyekiti wa klabu, alimvutia kiti kabisa.

"Unataka kununua, dada?"

"Nataka kuuliza. Taa zake zinawaka vizuri?"

Meza nzima iliangua kicheko.

"Taa!" alisema bwana mmoja mwenye masharubu. "Mimi Machi nimeendesha kutoka Hereford kwa mbalamwezi, dada'ngu. Mbalamwezi! Mke wangu anaimba nyimbo za kanisani njia nzima."

"Hiyo si kitu," alisema Bi Daphne Sparrow, mama mnene wa sweta la kijani, uso umeiva kwa bia. "Mimi nimetoa tochi ya kutafutia kuku dirishani, mkono mmoja usukani, mkono mmoja tochi, mvua inaniingia kwenye mkono wa sweta mpaka kwapani. Ukikanyaga breki tu, kwisha. Basi nikajifunza kutokanyaga."

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Treadgold naye alitabasamu, kwa sababu kazi ilimtaka atabasamu.

"Na mlipowaandikia kiwandani walisemaje?"

Wakamtazama kama aliyeagiza maziwa baa.

"Kuandika nini?" alisema mwenye masharubu. "Kushitaki? Lo! Hapana, bibi wee. Anayetaka gari lisilosumbua anunue la Kijapani, awe analala usingizi humo ndani. Ledwick ni gari lenye tabia. Mtu humshitaki mkewe kwa kukoroma?"

"Kipenda roho," alisema Daktari Hartnoll kwa upole, "hula nyama mbichi. Piers mwenyewe ni mtu mwema, kiwanda kidogo, kimenusurika mara ngapi kufungwa. Mtu mwenye adabu hamwendei na vijilalamiko. Tunatengeneza wenyewe hapa uwanjani, tunacheka, tunakunywa. Tena tuna zawadi!"

Aliinuka akaichukua kutoka juu ya meko: chupa ya jemu iliyogandishwa kwenye kibao cha mwaloni, na ndani yake kipande cha mshumaa.

"Mshumaa wa Klabu," alieleza, akijivuna. "Kila mwezi anaupata aliyepatwa na balaa kubwa kuliko wote. Anasimama juu ya kiti, anasimulia, tunapiga kura kwa makofi."

"Mwezi uliopita hakukuwa na kura," Daphne alidakia, akifuta machozi ya kicheko. "Nani wa kumfikia Toby? Juu ya kiti pale, anaigiza na usukani, 'nakanyaga breki, giza! naachia, mwanga! nakanyaga, giza!' Kwenye mteremko ule ule wa... "

Daktari Hartnoll alimshika mkono.

Alikuwa amechelewa. Kicheko kilikufa meza moja baada ya nyingine mpaka kwenye kaunta. Watu hawa hawakuwa wajinga wala katili, na jambo hilo ndilo lililomkera Treadgold kupita yote. Walijua Toby Wenlock amemuua mtu. Walikuwa wamemchangia Bi Oakey shada la maua. Ila hakuna hata mmoja aliyekuwa amechukua kile kicheko cha mwezi uliopita na kukiweka kando ya lile jeneza.

"Endelea, Bi Sparrow," alisema Treadgold. "Mteremko upi?"

Daphne aliinamia sahani yake.

Treadgold akaweka picha ya waya mwekundu juu ya meza, katikati ya sahani. "Nani alifunga huu?"

Daktari Hartnoll alisema, "Mimi."

"Lini?"

"Siku hiyo hiyo. Hapo uwanjani, baada ya makofi. Nilimwambia ni wa kumfikisha nyumbani tu, utepe ule haudumu. Nikamwambia aende kiwandani wakwangue rangi. Nikamwambia... " Aliuzungusha mshumaa mkononi. "Nikamwambia mvua na giza vikikutana, aliache gari nyumbani."

"Akasemaje?"

"Akasema akilipeleka kiwandani litamharibia jina. Mwezi mmoja klabuni, tayari analialia. Akacheka. Sote tulicheka."

"Nahitaji maelezo yako kwa maandishi, Daktari, na sahihi."

"Ni mwenzetu yule, Inspekta. Ni mtoto. Nikitia sahihi namfunga kwa mkono wangu."

"Na Clement Oakey alikuwa mwenzenu nani?"

Hartnoll alikuwa ameukumbatia ule mshumaa kama mtu anayeogopa kuporwa. Ni Daphne Sparrow aliyesukuma sahani yake mbele.

"Alikuwa akiniletea barua," alisema. "Kila asubuhi, na mbwa wangu akimrarua suruali alikuwa anaomba radhi yeye. Nipe hiyo kalamu." Akamgeukia mwenyekiti, na sauti ikapanda. "Wewe ng'ang'ania huo mshumaa, Crispin! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tumeyaficha yetu, kifo kimekwenda kwa mtu wa posta!"

Aliandika, akatia sahihi. Wengine wakafuata mmoja mmoja, na Hartnoll akatia yake mwisho, chini ya zote.

*

Jumatatu Toby Wenlock alikuja kituoni na wakili na mama yake. Treadgold aliona bora aanze na habari ya gereji, maana ilikuwa haki yake kuisikia: taa zilizimika, Sajenti Sproat ameshuhudia, kosa ni la kiwanda, na kiwanda kitalijibia.

Kijana alifunika uso kwa mikono. Mama yake alilia kwa sauti, akainuka akamshika Treadgold mikono yote miwili juu ya meza, akaibusu.

"Mungu akulipe! Nilisema mimi! Nilimwambia kila mtu, mwanangu si mwongo!"

"Si mwongo, Bi Wenlock. Tafadhali kaa." Treadgold alitoa mikono yake taratibu. Aliichukia kazi yake wakati ule kama hajawahi kuichukia. "Toby, ilikuwa mara ya kwanza taa kuzimika?"

Wakili alisogea kitini. Kijana alishusha mikono usoni.

"Hamkuniuliza hilo," alisema.

"Nakuuliza sasa."

"Usijibu," alisema wakili.

"Nimetoka Plough, Toby. Nina maelezo ya kila aliyekuwapo. Najua ulisimama juu ya kiti. Najua ulionywa mvua na giza."

Toby alimtazama mama yake, halafu akatazama meza. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na pale alionekana mdogo kuliko hapo.

"Walipiga makofi," alisema. "Wote walikuwa wanaendesha hivyo hivyo. Wote. Mimi nilidhani... kumbe ukiwa na gari lile ndivyo inavyokuwa. Nilikuwa nimechelewa chakula cha jioni tu. Nilijua nikifika kwenye kona nisikanyage breki. Halafu nikamwona."

"Ukakanyaga."

"Nilimwona, Inspekta. Taa zilikuwa bado zinawaka, nilimwona kabisa, na kabichi zake. Ningefanyaje? Nilikanyaga ili nisimuue."

Wakili alifunga kalamu yake. Treadgold akamsomea mashtaka, kusababisha kifo kwa kuendesha gari alilolijua kuwa ni la hatari, neno kwa neno, bila kuharakisha. Konstebo akafungua mlango, akamshika Toby mkono. Kijana hakubisha.

Mama yake alibaki amekaa. Alikuwa anamtazama Treadgold bila hasira, kama mtu anayesubiri sentensi imalizike.

"Lakini amesema kweli," alisema. "Umesema mwenyewe. Amesema kweli tangu mwanzo."

"Ndiyo, mama," alisema Treadgold. "Ndicho kitakachomfunga."